Kabla ya Kununua Darubini



Swali nililoombwa kulijibu ni hili: mtu mwenye kipato cha kawaida, anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Mwanza, anunue darubini gani ili apige picha za nyota? Jibu langu litawaudhi waliokuja na kalamu tayari kuandika jina la darubini. Asinunue darubini. Walau isiwe kitu cha kwanza. Pesa yake ya kwanza aiweke kwenye chombo kitakachoifanya kamera ifuate nyota, na kama pesa hiyo haipo, atengenezewe na seremala. Nitaeleza kwa nini, na kwa nini sisi tunaoishi jirani na ikweta hatuwezi kunakili orodha ya manunuzi ya mtu wa London.

Naanza na mtoto wa kimaskini wa Nashville, Marekani. Edward Emerson Barnard alizaliwa mwaka 1857, baba yake akiwa ameshafariki, na darasani hakukaa zaidi ya miezi michache. Kabla hajatimiza miaka 9 alipata kibarua kwenye studio ya picha. Enzi hizo picha zilikuzwa kwa mwanga wa jua, kwa mashine kubwa iliyowekwa juu ya paa, na kwa kuwa jua halikai mahali pamoja, alihitajika mtu wa kuigeuza mashine ile pole pole kutwa nzima ili jua lisiiponyoke. Kazi hiyo akapewa Barnard. Kwa hiyo mtu ambaye baadaye angekuwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa Njia Nyeupe alianza maisha kwa kujifunza kufuata kitu kinachotembea angani.

Mwaka 1889 tunamkuta kwenye kituo cha kutazama nyota cha Lick, juu ya Mlima Hamilton, California. Kituo hicho kilikuwa na darubini ya lenzi iliyo kubwa kuliko zote duniani wakati ule, kipenyo sentimita 91. Barnard alichukua kitu kingine kabisa: lenzi ya mitumba, iliyotengenezwa miaka 30 hivi nyuma kwa ajili ya kupigia watu picha za sura studio. Kipenyo chake kilikuwa sentimita 15. Akaifunga juu ya maunti, yaani kile kitako chenye mhimili kinachobeba darubini na kuizungusha, akaweka darubini ya kuchungulia pembeni, kisha akakaa kwa saa kadhaa jicho likiwa hapo, akihakikisha nyota moja haitoki kwenye alama. Vioo vya picha vilipooshwa yakajitokeza mawingu ya nyota ya Njia Nyeupe, na kati yake mapengo meusi. Ile darubini kubwa jirani isingeweza kuyaonyesha hayo, kwa sababu kila inapotazama huona kipande kidogo mno cha anga.

Sasa hesabu, na ninaomba mnivumilie kidogo kwa sababu hesabu hii ndiyo inayowaokoa watu pesa.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Kwa hiyo anga linaonekana kwenda digrii 15 kwa saa, ambayo ni sawa na robo ya digrii kwa dakika. Chukueni kamera ambayo bado inapatikana madukani kwa mitumba, Canon EOS 600D ya mwaka 2011. Piseli zake zina upana wa maikromita 4.3. Iwekeni lenzi ya milimita 50, isimamisheni kwenye tripodi ya kawaida, muielekeze kwenye ukanda wa Orion. Nyota itavuka piseli moja kwa sekunde moja na kidogo. Wekeni lenzi ya milimita 200: inavuka piseli tatu na zaidi kwa sekunde. Ifungeni kwenye darubini ya kioo yenye urefu wa fokasi wa milimita 650, aina ambayo wanaoanza huuziwa sana, na nyota inavuka piseli 11 kila sekunde. Mkiacha kamera wazi kwa sekunde 30 tu, kila nyota imeshakuwa mstari wa piseli zaidi ya 300. Na Nebula ya Orion, lile wingu la gesi linalong'aa, inadai dakika nyingi za mwanga, nebula hafifu zaidi zinadai saa.

Darubini inapokuza nebula inakuza pia kosa la injini, mtikisiko wa tripodi, upepo, na mguu wa mtu anayepita karibu. Ndiyo maana wapiga picha wazoefu wa anga, mkiwauliza pesa zao zimekwenda wapi, wengi watawaonyesha maunti kwanza, darubini baadaye.

Sisi tuna ugumu wetu wa ziada. Nyota zilizo karibu na ncha za anga huzunguka taratibu. Zile zilizo kwenye ikweta ya anga ndizo zenye mbio. Mtu wa Stockholm akitazama juu kabisa anaona nyota za mwendo wa kiasi. Sisi utosini mwetu ndiko zinakopita zenye mbio kuliko zote. Nebula ya Orion, kwa mfano, hupita chini ya digrii 2 kutoka utosini ukiwa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa. Mtaikuta mahali pengi kanuni ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, kisha gawanya tena kwa 1.6 kama kamera ina sensa ndogo kama hii ya 600D, upate sekunde unazoruhusiwa. Kwa lenzi ya milimita 50 inakupa sekunde 6. Kwa maoni yangu, kwetu kanuni hiyo ina ukarimu uliopitiliza. Tumieni nusu yake.

Hebu basi tumchukue asiye na kitu ila kamera, lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni lenzi ya bei ya chini kuliko karibu zote za Canon, na tripodi. Anaifunga lenzi kidogo hadi f/2.8 ili nyota za pembeni zisiote mabawa, anaweka ISO 1600, sekunde 3, faili za RAW, anapiga picha 300. Hizo ni dakika 15 za mwanga. Kisha anazipandanisha kwa programu ya bure: Siril, DeepSkyStacker au Sequator. Programu inazilinganisha nyota, inazilaza picha moja juu ya nyingine, na chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha idadi: picha 4 hupunguza chenga kwa nusu, picha 100 huzipunguza mara 10. Picha moja ya sekunde 3 ni takataka. Mia tatu zikipandanishwa zinaitoa Nebula ya Orion na rangi zake, bila kununua chochote. Simu nyingi za siku hizi nazo zina hali ya kuweka shata mpaka sekunde 30 zikiwa kwenye tripodi, na kwa Njia Nyeupe ya kipupwe hiyo inatosha kabisa kumfanya mtu apende kazi hii au aiache mapema kabla hajatoa pesa.

Anayetaka kusonga mbele aende kwa seremala. Mwaka 1975 jarida la Marekani Sky & Telescope lilichapisha muundo wa Mskoti, George Haig, ambao mpaka leo sijaona chombo kinachoushinda kwa thamani ya pesa: mbao mbili, bawaba na bolti. Nitaueleza kwa vipimo, kwa sababu fundi hafanyi kazi kwa hadithi.

Mbao mbili za unene wa kutosha zisipinde, urefu wa sentimita 30 hivi, zinaunganishwa ukingoni kwa bawaba ngumu isiyocheza, kama kitabu. Bolti ya M6 ya kawaida ina thredi za milimita 1, maana yake ukiizungusha mara moja kamili inapanda milimita 1. Mwambie fundi atoboe tundu la bolti kwenye ubao wa chini, milimita 229 kutoka katikati ya pini ya bawaba, na apime kutoka kwenye pini, asipime kutoka ukingo wa ubao. Nati ifungwe imara kwenye tundu hilo. Kichwa cha bolti kinawekewa kisahani au kijiti kirefu, na ncha yake inausukuma ubao wa juu. Ukiizungusha bolti mzunguko mmoja kwa dakika, ukifuata mshale wa sekunde wa saa ya mkononi, ubao wa juu unafunguka robo ya digrii kwa dakika. Ni kasi ile ile ya anga. Juu ya ubao huo unafunga kichwa cha tripodi cha mpira, na juu yake kamera. Kwa lenzi pana ya milimita 18 au 24 unaweza kuacha shata wazi dakika mbili tatu na nyota zikabaki nukta. Kwa lenzi ndefu mkono wa binadamu hautoshi. Hapo wenye kipaji cha umeme hufunga injini ndogo ya hatua.

Sasa jinsi ya kuuweka, na hapa ndipo vitabu vya wenzetu vinapotuacha njiani. Ulaya ubao huu huinamishwa sana, bawaba ikielekezwa Nyota ya Kaskazini. Kwetu bawaba inalala karibu bapa. Nairobi mwinamo ni digrii 1.3, Mwanza 2.5, Arusha 3.4, Mombasa 4, Dar es Salaam 6.8. Bawaba inaelekea kaskazini na kusini, na ncha yake ya kusini ndiyo inayoinuliwa kwa kiasi hicho. Wa Kampala ainue ya kaskazini, ingawa kwa digrii 0.3 sijui kama inafaa kujisumbua. Bawaba ikae upande wa magharibi, bolti upande wa mashariki, isukume ubao kwenda juu. Mkigeuza pande hizo mbili, ubao utakimbia kinyume na anga na nyota zitakuwa mistari mirefu maradufu.

Kaskazini yenyewe mtaipataje? Nyota ya Kaskazini Dar es Salaam haichomozi, na nyota hafifu iliyo karibu na ncha ya kusini, Sigma Octantis, inakaa chini kabisa kwenye vumbi na unyevu wa upeo, haionekani. Njia bora ni ya mchana. Ning'inizeni timazi mahali pa wazi, mchore mstari wa kivuli chake jua linapokuwa kwenye zawali. Zawali ya Dar es Salaam haiji saa sita kamili. Saa ya Afrika Mashariki imejengwa juu ya longitudo ya digrii 45 mashariki, nasi tuko 39.3, kwa hiyo kwa wastani jua linafika katikati saa sita na dakika 23 mchana, likitangulia au kuchelewa mpaka robo saa kufuatana na mwezi. Wenye ratiba ya sala ya adhuhuri wanalo jedwali tayari, ila wakumbuke kwamba ratiba nyingi huongeza dakika kidogo za tahadhari. Mapema Machi na karibu tarehe 10 Oktoba jua linapita utosini Dar na kivuli cha timazi kinamezwa chini yake. Siku hizo tumieni vivuli viwili vyenye urefu sawa, cha asubuhi na cha alasiri, mstari unaounganisha ncha zake unakwenda mashariki na magharibi.

Nimekaa sana kwenye mbao, nitakwenda upesi kidogo kwenye vya dukani.

Chombo cha kiwandani kinachofanya kazi ya mbao zile huitwa traka. Kinachojulikana sana kwa wanaoanza ni Star Adventurer cha Sky-Watcher. Toleo la 2i linabeba kilo 5, linatumia betri nne ndogo za AA, na bei yake ya ng'ambo haijumuishi usafiri wala ushuru. Kwa kamera na lenzi ya milimita 135 kinatosha kabisa. Lenzi ya Samyang ya milimita 135, f/2, isiyo na fokasi ya kujiendesha, imekuwa kipenzi cha wapiga picha wa anga kwa sababu nyota zake ni kali mpaka pembeni, na kwenye sensa ya 600D inachukua zaidi ya digrii 9 kwa upana: ukanda na upanga wa Orion kwa pamoja, au Nebula ya Carina na nyota zote zinazoizunguka. Hiyo ya Carina ni kubwa kuliko ya Orion, na mtu wa London haimchomozei maisha yake yote.

Lakini kabla ya kulipia traka au maunti yoyote, muulizeni muuzaji maswali mawili. La kwanza: mwinamo wake unashuka mpaka digrii ngapi? Maunti nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani. EQ6-R ya Sky-Watcher, ambayo ni maunti nzuri sana na ghali, inashuka hadi digrii 5 tu. Dar es Salaam inafaa, Nairobi itabidi mguu mmoja wa tripodi uwekewe kabari. La pili: fimbo ya uzani wa kusawazisha, mhimili ukilazwa chini hivyo, haigongi mguu wa tripodi? Kwenye latitudo zetu hugonga mara kwa mara, tena usiku wa manane wakati mwenyewe amesinzia. Na msilipe senti ya ziada kwa ajili ya darubini ndogo ya kutafutia ncha, ile inayofungwa ndani ya mhimili. Huko kwao ni ya lazima. Kwetu itatazama nyasi. Wenye kompyuta watumie programu ya bure ya NINA, ina nyongeza inayopima picha tatu za sehemu yoyote ya anga na kukuambia mhimili wako umekosea kiasi gani, bila kuiona ncha.

Kamera nunueni iliyotumika. Hapa ningependa twende pamoja mpaka kwenye kaunta, tuseme Kariakoo, kwa sababu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii haina shida, ilikuwa ya mtalii." Msikilize, umshukuru, kisha omba betri. Funga kifuniko cha lenzi, weka ISO 1600, sekunde 30, piga. Kuza picha hiyo nyeusi kwenye skrini ya kamera. Vinukta vichache vyekundu na vya bluu ni kawaida kwa kamera ya umri huo na programu itavifuta. Ukiona mistari, au kona moja imeng'aa zambarau nzito, irudishe. Halafu vua lenzi, ifungue f yake mpaka mwisho, iinue usawa wa macho na umulike tochi ya simu kutoka nyuma kwa mshazari. Huku pwani hewa ya chumvi na unyevu huotesha fangasi kwenye kioo, inaonekana kama utando wa buibui. Utando ukiwa katikati ya lenzi, kila nyota angavu itavaa shela. Zungusha pete ya fokasi taratibu usikie kama mchanga unasaga ndani. Mwisho, geuza kamera uangalie tundu la waya wa remoti, kwa sababu usiku utaitumia hiyo kuliko kitufe. Muuzaji anayekataa majaribio haya ya dakika tano ameshakupa jibu.

Jambo moja kuhusu kamera za kawaida: kuna kichujio mbele ya sensa kinachokata sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa haidrojeni, ule wa nanomita 656.3, ambao ndio rangi ya nebula nyingi. Mafundi wa ng'ambo hukibadilisha. Anayeanza asiguse. Orion na Carina zina mwanga wa kutosha, na Kilimia na makundi ya nyota hayahitaji hiyo nyekundu kabisa.

Mtaniuliza kuhusu darubini janja, na najua kuna wazazi hapa wameshaziona kwenye simu zao. Seestar S50 ilitoka mwaka 2023 kwa bei ya karibu dola 500. Lenzi yake ina kipenyo cha milimita 50 na urefu wa fokasi milimita 250. Sensa, injini, kompyuta na betri vyote vimo ndani ya boksi moja lenye uzito wa kilo 2.5 hivi. Unaiweka chini, unachagua jina la nebula kwenye simu, yenyewe inatafuta, inafuata na kupandanisha. Kwa shule, kwa familia, kwa mtu mwenye kazi ya mchana, kwa sasa sijui kitu kingine kinachotoa picha nyingi namna hii kwa pesa hiyo. Hata hivyo jueni mnachonunua. Upana wa picha yake ni digrii 1.3 kwa 0.7. Mwezi unaenea vizuri, Nebula ya Orion inaenea, ile ya Carina inakatwa pembeni mpaka uunganishe vipande. Sensa ina piseli milioni 2 tu. Na hamtajifunza mengi, kwa sababu kazi yote ameshaifanya mhandisi wa kiwandani.

Tena ina tabia ambayo kwetu inageuka. Darubini ya aina hii, ikisimamishwa kawaida, hugeuka kushoto na kulia, juu na chini; haina mhimili ulioelekezwa kwenye ncha, kwa hiyo wakati inafuata nyota picha hujizungusha taratibu ndani ya fremu. Ukiwa karibu na ikweta, kitu kilicho mashariki kamili au magharibi kamili hakizunguki hata kidogo. Mwenzetu wa Ulaya akitazama huko huko, picha yake nayo inatulia, lakini vitu vyake vinapita mashariki kamili mara moja tu na kuondoka. Vyetu vinapanda wima: Orion inachomoza mashariki na kupanda moja kwa moja mpaka juu. Hapo ndipo tunaposhinda kwa saa mbili tatu, kisha tunashindwa ghafla, kwa sababu ikifika utosini mashine inatakiwa igeuke nusu duara kwa dakika chache, na haiwezi. Ipigeni Orion ikiwa imefika kati na kati upande wa mashariki, ikikaribia utosini ihameni mwende Wingu Kubwa la Magellan kusini, muirudie ikishaanza kushuka magharibi.

Darubini za dukani zenye boksi la rangi, zilizoandikwa zinakuza mara 525 au 675, sina la kusema ila msinunue. Ukuzaji wenye maana hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Lenzi ya milimita 60 inaishia mara 120 hata malaika aishike, na tripodi yake hutetemeka ukiikoholea. Anayetaka kutazama kwa macho, na hilo ni jambo jema na tofauti na picha, achukue darubini ya kioo ya aina ya Dobson ya milimita 150, inayokaa juu ya sanduku la mbao. Itampa pete za Zohali, miezi ya Mshtarii, na Mwezi unaoweza kuupiga kwa simu kupitia jicho la darubini. Tena sayari zetu hupita juu, mahali ambapo hewa ni nyembamba na haitikisiki sana, jambo linaloonewa wivu na wengi wa kaskazini. Ila asijaribu kuifunga kamera yake kubwa hapo bila kuuliza. Darubini nyingi za kioo zilizotengenezwa kwa macho hazifikishi fokasi kwenye sensa ya kamera. Taswira inaishia ndani ya bomba, sentimita chache kabla ya sensa, na hakuna kukaza wala kulegeza kutakakosaidia. Zile za picha husemwa wazi na kiwanda, na hizo zinahitaji ile maunti ya gharama tuliyoanza nayo.

Majira mnayajua. Masika haina mpiga picha. Kipupwe, kuanzia Juni, katikati ya Njia Nyeupe inapita juu sana, digrii 68 kutoka upeo ukiwa Dar, na bara hewa ni kavu. Wa pwani wafunge mkanda wa joto kwenye lenzi, ule unaochomekwa kwenye pawabenki, la sivyo umande utawafunga duka kabla ya saa nne usiku. Vifaa vikirudi nyumbani vikae ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu mnavyovikuta kwenye maboksi ya viatu. Msivitupe tena.

Limebaki jua. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kamili kwa jua kutakakopita Misri, Makka, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Kwa Luxor giza litazidi dakika 6. Sisi huku kusini zaidi tutaona jua likipatwa kwa sehemu tu, na kwa sehemu hakuna hata dakika moja ya kutazama bila kinga. Wengi mtataka kupiga picha, kama watu walivyofanya Rujewa, Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Kichujio cha jua kinafungwa mbele ya lenzi, upande unaotazama jua, kimeshikwa kwa gundi au mpira kiasi kwamba upepo hauking'oi. Miwani ya kupatwa haifai kuvaliwa huku unachungulia kamera au darubini, maana mwanga unakuwa umeshakusanywa kabla ya kuifikia. Na zile darubini za boksi la rangi mara nyingine huja na kioo kidogo cheusi kimeandikwa jua, cha kuskrubu kwenye jicho la darubini. Kioo hicho kinakaa mahali joto lote linapokutania na kinaweza kupasuka jicho lako likiwa hapo hapo. Mkikikuta nyumbani, kivunjeni kwa nyundo leo leo, mtoto asije akakiokota.

Nasikia wapo wanaotaka kuuliza kuhusu bolti. Karibuni.